Kiti Hakina Hatimiliki

Kila inapotungwa sheria mpya kuhusu sifa za uongozi, iwe ni ya umri, elimu au idadi ya mihula, hukosi kusikia kauli ileile: hiyo haiwahusu walioko madarakani, maana sheria hairudi nyuma. Wanasheria wa vijiweni huisema, wabunge huirudia, na wenye viti huing'ang'ania. Kwa sehemu kubwa ni potofu.

Kenya iliipima kauli hiyo mahakamani. Katiba ya zamani ilimruhusu jaji kuhudumu hadi miaka 74. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikateremsha umri huo hadi 70. Kalpana Rawal, Naibu Jaji Mkuu, na Philip Tunoi, jaji wa Mahakama ya Juu, walikuwa wameanza ujaji chini ya katiba ya zamani, nao wakadai kuwa miaka yao 74 ni haki waliyokwisha kuipata. Lakini vifungu vya mpito vilieleza kwamba aliyekuwa na cheo siku ile ataendelea nacho kana kwamba ameteuliwa chini ya katiba mpya. Mei 2016 Mahakama ya Rufaa ikawakatalia. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu, yaani wenzao wenyewe, ikajiondoa katika shauri hilo, na uamuzi wa rufaa ukasimama. Wakaenda nyumbani.

Hapo kilirudi nyuma kitu gani? Sheria ingerudi nyuma kama ingebatilisha hukumu ambazo Rawal alizitoa akiwa na miaka 60, au ingemdai mishahara aliyokwisha kulipwa. Iligusa kesho yake tu. Kanuni ya sheria kutorudi nyuma ni ngao kubwa katika jinai, mtu asije akafungwa kwa tendo lililokuwa halali alipolitenda. Kumwambia jaji kwamba sasa anastaafu akifika 70 si kumtia hatiani.

Anayetaka kumkinga aliyeko madarakani huandika hivyo waziwazi. Marekebisho ya 22 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1951, yaliweka ukomo wa kuchaguliwa mara mbili, yakaongeza kwamba hayamhusu aliyekuwa rais wakati Bunge lilipoyapendekeza. Huyo alikuwa Harry Truman. Rwanda nayo, katika katiba ya 2015, ilitenga kifungu mahususi kwa ajili ya rais aliyekuwapo. Kama kinga hiyo ingekuja yenyewe, watungaji hao walihangaika kuandika kwa nini?

Sheria isiposema waziwazi kama miaka iliyopita inahesabiwa, gharama huwa kubwa. Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikuwa Ikulu tangu 1978. Ukomo wa mihula miwili ulipoingia, hesabu ilianza na uchaguzi wa 1992, miaka yote ya nyuma ikawa kama haikuwapo. Akaondoka 2002.

Ipo hoja moja ya upande wa pili inayostahili kusikilizwa, nayo ni ya muhula ambao wananchi wameshautoa. Mwaka 2016 Baraza la Katiba la Senegal lilisema kupunguzwa kwa muhula wa urais kutoka miaka saba hadi mitano hakuwezi kuukata muhula ambao Macky Sall alikuwa akiutumikia. Sawa. Ila kumaliza muhula ni jambo moja, kudai mwingine ni jambo jingine.

Tena kauli hii huwa na usahaulifu wa ajabu kanuni mpya inapokuwa tamu. Mwaka 2017 wabunge wa Uganda, waliochaguliwa kwa miaka mitano, walipitisha sheria ya kujiongezea miwili, na waliounga mkono hawakuona ubaya wowote kwamba iwahusu wao wenyewe. Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ikaibatilisha nyongeza hiyo. Kuondolewa kwa kikomo cha miaka 75 kwa rais, kulikokuwa ndani ya sheria hiyohiyo, mahakama ilikuacha. Yoweri Museveni, aliyechaguliwa 2016 kikomo kikiwapo, akagombea tena 2021, wala hakudai kwamba kanuni mpya haimhusu.