Kidole chako si ufunguo wa simu

Tangu vitambuzi vya alama za vidole vifike kwenye simu za bei ya kawaida, imeenea imani kwamba namba ya siri ni mabaki ya zamani. Mtu ananunua simu, anasajili kidole gumba, kisha muuzaji akimtaka aweke na namba, anajibu, “Weka yoyote tu.” Anaondoka akiamini kwamba simu imemjua yeye mwenyewe, na kwamba kidole hakisahauliki wala hakiibiwi. Imani hii ni potofu tangu mzizi wake, na inawapotezea watu picha za wazazi waliokwisha kufariki, hesabu za biashara na namba za wateja wasioweza kuwapata tena.

Tazama simu yenyewe inavyofanya kazi. Izime, iwashe, kisha weka kidole: itakikataa na kudai namba. iPhone huidai pia ikikaa saa 48 bila kufunguliwa, au kidole kikikataliwa mara tano mfululizo. Nazo simu za Android zina masharti ya aina hiyo. Sababu ni kwamba yaliyomo ndani huhifadhiwa kwa usimbaji, na namba ya siri ni sehemu ya kile kinachoufungua usimbaji huo. Kidole huruhusiwa kukaimu baada ya namba kuingizwa, tena kwa muda. Apple ilipoleta Touch ID mwaka 2013 ilimlazimu mtumiaji kuweka namba kwanza, na mpaka leo huwezi kusajili kidole kabla ya kuweka namba, mchoro au nenosiri. Waliotengeneza kufuli hili hawajawahi kuamini kile tunachokiamini sisi.

Nao wana sababu, kwani vidole hugoma. Saruji huzila alama za mwashi, jembe huzisugua za mkulima, sabuni na maji huzichosha za dobi, na uzee huzififisha za kila mtu. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kuzifuta kabisa. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Tanzania Mei 2019, uliweka jambo hili hadharani: wapo raia halali ambao mashine haiwasomi. Ongeza na hili ambalo mafundi wanalijua vizuri: simu yenye kitambuzi chini ya kioo ikivunjika na kuwekewa kioo kisicho halisi, mara nyingi kidole hakifanyi kazi tena.

Hapo ndipo mwenye simu anapokimbilia kwa fundi, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, akiomba “atolewe loki”. Fundi anaweza kuiflashi, yaani kuirudisha ilivyotoka kiwandani, lakini kufanya hivyo ni kufuta kila kitu. Picha ambazo hazikuhifadhiwa kwingine haziwezi kurudi. Na simu ikiwaka upya, inauliza akaunti ya Google iliyokuwemo, kinga iliyoanza na Android 5.1 mwaka 2015 ili simu ya wizi isiuzike. Akaunti hiyo, kwa watu wengi mno, ilifunguliwa na muuzaji dukani kwa dakika mbili, kwa nenosiri alilolibuni yeye na ambalo hakuna aliyeliandika. Mwenye mali anasimama na risiti mkononi na vidole vyake kumi, na mbele ya simu yake hana tofauti na aliyeikwapua. Kinga ile haiwezi kumtambua mtu. Inatambua anachokijua.

Wapo watakaosema namba huchunguliwa ndani ya daladala, ilhali kidole hakichunguliki. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kidole kiachwe. Kitumike barabarani kwa raha zote. Lakini wasikiite siri. Mwaka 2014 mtaalamu wa Ujerumani, Jan Krissler, alionyesha jinsi alivyounda upya alama ya kidole cha Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi, kutokana na picha za kawaida za kamera. Namba ikivuja utaibadilisha jioni hiyo hiyo, kidole hakibadilishwi. Tena kidole cha aliyelala kinaweza kubonyezwa na yeyote aliye chumbani.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee: wao husahau namba, na kidole kimewakomboa. Nalichukulia kwa uzito wote, lakini jibu lake ni karatasi. Namba ya siri, barua pepe ya akaunti na nenosiri lake viandikwe na kufungiwa nyumbani pamoja na hati za kiwanja. Mwizi wa stendi hataifikia karatasi hiyo. Mjukuu amkumbushe bibi kuingiza namba kila wiki, asajili vidole vya mikono yote miwili, na muuzaji amwachie mnunuzi achague nenosiri lake mwenyewe hata foleni ikirefuka. Akaunti iandikishwe pia namba ya laini inayotumika. Simu ikijifunga, laini hutolewa na kuwekwa kwenye kitochi, na ujumbe wa uthibitisho kutoka Google wa kurejesha akaunti huingia humo. Lakini utaingia tu ikiwa laini hiyo iliandikishwa mapema, kidole kilipokuwa bado kinasomeka.