Ndege Inayoshinda Juani Haijashikwa kwa Deni

Uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg, una jambo linalozua maneno. Ndege kubwa kutoka Ulaya hutua asubuhi, hushusha abiria, kisha badala ya kugeuza na kurudi zilikotoka, huvutwa hadi maegesho yaliyo mbali na jengo la abiria. Hushinda huko juani, milango imefungwa, mpaka jioni. Msafiri wa kutoka Dar es Salaam au Nairobi anayezichungulia dirishani hakosi la kusema, na mengi yanayosemwa si kweli.

La kwanza, na ndilo tamu kuliko yote mdomoni, ni kwamba ndege imeshikwa kwa deni. Watanzania wana sababu ya kulifikiria hilo upesi. Agosti 2019 ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220-300 ilizuiliwa uwanjani hapohapo kwa amri ya mahakama, kutokana na madai ya fidia ya mkulima ambaye mali zake zilitaifishwa Tanzania miaka ya 1980. Iliachiwa Septemba. Lakini ndege iliyozuiliwa haifichiki: safari yake hufutwa, au abiria wake huhamishiwa ndege nyingine. Hizi za Ulaya huondoka jioni ileile, kwa ratiba iliyotangazwa miezi kadhaa kabla. Deni gani hilo linalolipwa kila siku magharibi ikiingia?

Dai la pili lina uzito zaidi. Husemwa kwamba ndege huingiza pesa ikiwa angani tu, kwa hiyo shirika linaloiacha chini kutwa nzima halijui biashara. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili hubomoka ukishika saa na kuhesabu.

Tuchukue London. Kutoka huko hadi Nairobi ni kama saa nane na nusu. Ndege inaweza kuondoka London asubuhi, ikafika Nairobi usiku, ikakaa chini muda mfupi, ikarudi na kutua London alfajiri ya pili. Johannesburg ni kama saa kumi na moja. Kwenda na kurudi ni saa 22. Ongeza saa mbili za kushusha watu, kusafisha, kujaza mafuta na kupakia, na siku imekwisha bila kubaki hata dakika ya kufidia ukungu au mzigo uliochelewa.

Lakini tuseme wamegeuza papo hapo. Ndege imetua saa tatu asubuhi, imeondoka saa tano. Itafika London saa mbili au saa tatu usiku. Abiria wamepoteza siku nzima kitini, na anayeendelea na safari hadi Oslo au Edinburgh huenda akakuta ndege ya mwisho imeshaondoka, alazwe hotelini. Ndege yenyewe nayo imefika wakati Heathrow inakaribia saa zake za ukimya: kati ya saa 5:30 usiku na saa 12 asubuhi, idadi ya ndege zinazoruhusiwa kuruka na kutua haizidi 5,800 kwa mwaka mzima, na sehemu kubwa ni zile zinazotua alfajiri. Kwa hiyo ingelala hapo mpaka kukuche. Saa zilizookolewa Johannesburg zingetupwa London. Heri ishinde kusini, abiria wasafiri wakiwa usingizini, wafike asubuhi wakati safari za kuunganisha ndiyo kwanza zinaanza.

Wanaohesabu hasara husahau pia kwamba Johannesburg iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi tayari, na joto la mchana huizidishia wepesi. Mabawa na injini hupungukiwa nguvu, na ndege iliyobeba mafuta ya saa kumi na moja inaweza kulazimika kuacha mizigo ili iweze kuruka. Jioni hewa hupoa, mzigo ukaruhusiwa kuongezeka.

Wapo wanaoona dharau: mbona imesukumwa pembeni, na daraja la kupandia lipo tupu? Daraja halikai tupu kwa muda mrefu. Viwanja vingi huchora maegesho ya mlangoni ili nafasi ya ndege pana moja iweze kupokea ndege mbili nyembamba. Ukiiacha ndege kubwa hapo kwa saa kumi, umeziba njia ya safari nyingine nyingi. Wala si jambo la Afrika. Kwa miaka mingi ndege za Qantas zilizofika Los Angeles asubuhi kutoka Australia zimekuwa zikivutwa kando, zikisubiri kuondoka usiku.

Kwamba kuisogeza ni kuchoma mafuta, hapana: injini kubwa huwa zimezimwa, trekta ndilo linaloivuta, na fundi hukaa chumba cha rubani akiangalia breki na kuwasiliana na mnara. Kwamba marubani hulala ndani, hapana tena. Huenda hotelini, kwa kuwa kupumzika ni sheria, na mara nyingi watakaoirudisha ndege ni wengine waliotangulia kufika.

Limebaki dai kwamba ndege iliyokaa chini huharibika. Hapa pana chembe ya ukweli, ila si ile inayodhaniwa. Novemba 2013 Airbus A330 ya Etihad iliondoka Brisbane, Australia, vipimo vya mwendo vikipingana, ikatangaza hali ya hatari na kurudi kutua. Wachunguzi walikuta nyigu amejenga kiota cha udongo ndani ya mrija unaopima mwendo. Ndege hiyo haikuwa imeshinda uwanjani. Ilikuwa imekaa chini kama saa mbili tu, mirija yake ikiwa wazi. Inayoshinda kutwa huvikwa vifuniko, na mafundi hupata nafasi ya kukagua tairi, mafuta ya injini na viti vilivyovunjika bila kukimbizana na saa. Basi mwenye wasiwasi asiulize ndege imekaa chini saa ngapi. Aulize kama mirija ilifunikwa, na kama vifuniko vimetolewa kabla ya kuruka.