Gari Limelala, Sisi Tunaliwekea Mpira

Ndugu wasomaji, tunaomba radhi mapema, maana leo tumekuja kugombana. Tunagombana na mafundi wetu wa jioni, tunagombana na gereji zenye vioo vikubwa na kahawa ya bure, na zaidi ya wote tunagombana na sisi wenyewe, watu tuliosomea uhandisi ng'ambo kisha tukainyamazia inchi moja kasoro ya gari la jirani.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada mmoja wa hapa kwetu Manassas, mama wa watoto watatu, anaendesha lile gari la familia la milango ya kusukuma ambalo karibu kila nyumba ya Waswahili hapa imewahi kuwa nalo. Majira ya baridi yaliyopita gari lile lilianza kulala upande wa kushoto. Wote tuliliona. Kila kwenye shughuli lilikuwa limeegeshwa mbele yetu, limelala kama mzee aliyeegemea mlango, nasi tukalifanyia utani: mara dereva kanenepa, mara mizigo ya kutuma nyumbani imelemea buti. Tukacheka, tukala pilau, tukaenda zetu.

Gereji ya kwanza ilimwambia shokapu za nyuma zimechoka. Zikabadilishwa zote mbili, akalipa, gari likarudi limelala vile vile. Fundi wa pili ni mtu wetu, mtu mwema anayewasaidia watu baada ya kazi. Yeye alisema springi ya nyuma kushoto imelegea, akachomeka kipande cha mpira katikati ya mizunguko yake. Gari likanyanyuka, likasimama sawasawa kama askari wa gwaride. Tukapiga makofi. Jamani, tulikuwa tunaipigia makofi hatari.

Tuanze na shokapu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za watu wetu zinapoteketea. Shokapu ya kawaida haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko ili gari lisirukeruke baada ya kupita kwenye shimo. Ile yenye gesi husukuma kidogo, lakini uzito wa gari hubebwa na springi. Fundi akibonyeza kona ya gari kwa mikono miwili, likaruka mara tatu, amejifunza jambo kuhusu shokapu. Kuhusu urefu wa gari hajajifunza kitu. Mtu akikuuzia shokapu za kawaida kwa sababu gari lako limelala upande, muulize kwa upole amepima nini.

Sasa tuje kwenye lile la mpira, ambalo ni zito zaidi. Bodi la gari ni kitu kigumu. Springi ya kona moja ikifupika, bodi halijipindi pale tu. Upande mzima huinama, mbele na nyuma. Ndiyo maana jicho haliwezi kukuambia ugonjwa uko wapi. Tena jicho hudanganywa, kwani magari mengi tangu kiwandani madigadi yake ya nyuma hufunika tairi kuliko ya mbele, basi kila mtu husema "nyuma ndiko kumeshuka". Hata tepu ya kupimia peke yake haitoshi: itakuambia gari limelala kushoto kwa kiasi gani, lakini haitakuambia kama mkosaji yuko mbele au nyuma.

Mpira ule uliinua kona ya nyuma kushoto, na kwa kuwa bodi ni gumu, upande wote wa kushoto ukanyanyuka. Machoni gari likanyooka. Lakini chukueni meza ya miguu minne, wekeni kadibodi chini ya mguu mmoja. Uzito unahamia kwenye mguu ule na kwenye ule wa mshazari wake. Miwili mingine inabaki kugusa sakafu kwa adabu tu. Gari lenye springi halifiki huko, ila mwelekeo ni ule ule. Nyuma kushoto na mbele kulia zilibeba zaidi. Mbele kushoto na nyuma kulia zikapungukiwa. Gurudumu la mbele lililopungukiwa uzito halishiki lami sawa na mwenzake, na siku ya kufunga breki ghafla kwenye mvua, barabara ya I-66, ndiyo siku utakayolijua hilo. Gari lililolala lilikuwa linasema kweli. Sisi tukalifundisha kusema uongo.

Jumamosi moja hatimaye tuliona haya, tukalichukua. Tulitafuta sakafu iliyo sawa tukaihakiki kwa pimamaji. Tulijaza upepo matairi yote kama kibandiko cha mlangoni kinavyotaka. Tukatoa vitu kwenye buti: maboksi mawili ya nguo, gunia la mchele, na kinu na mchi wake, Mungu awabariki wanaosafiri na kinu. Tukautoa na ule mpira. Kisha tukalisukuma gari mbele na nyuma na kulibonyeza ili springi zikae, maana gari lililoshushwa kwenye jeki sasa hivi hukaa juu kidogo na kukudanganya.

Tulipima kuanzia katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, si kuanzia ardhini, ili tairi lililolika lisituchanganye. Mbele kushoto milimita 376, mbele kulia 398. Nyuma kushoto 384, nyuma kulia 405. Tofauti ya milimita 22 mbele na 21 nyuma, kama tulivyotarajia kwa bodi gumu. Milimita chache huweza kupuuzwa. Ishirini na mbili hazipuuzwi.

Kisha tukafanya lile ambalo gereji ya kahawa ya bure haikulifanya. Tuliweka jeki katikati kabisa ya boriti ya fremu ya mbele, ile iliyo chini ya injini, tukanyanyua hadi springi za mbele zikapumzika. Sasa mbele ya gari imekaa juu ya nukta moja, inaweza kuinamia popote, na springi za nyuma peke yake ndizo zinazoamua mlalo. Mtu yeyote asiingie chini wakati huo. Tukapima nyuma tena: tofauti ilikuwa milimita 3. Springi za nyuma hazikuwa na kosa lolote! Zilisingiziwa na gereji, zikasingiziwa na fundi, zikasingiziwa na sisi.

Tulipoliweka gari kwenye stendi na kulivua gurudumu la mbele kushoto, mzunguko wa chini wa springi ulikuwa umekatika. Kipande kilikuwa kimejificha ndani ya sahani inayoikalia springi, kutu imekula pote. Hii ni kazi ya chumvi ya barabara za Virginia, ambazo humwagiwa maji ya chumvi hata kabla theluji haijaanguka. Rangi ya springi ikichubuka, chumvi huingia na chuma hutafunwa mahali usipopaona. Na springi iliyokatika mzunguko mmoja huwa fupi lakini ngumu zaidi, kwa sababu chuma kinachojisokota kimepungua. Dereva hahisi ulegevu wowote. Ncha yake kali ilikuwa upana wa kidole kimoja kutoka ubavu wa ndani wa tairi. Yule dada alikuwa analiendesha hivyo kila alfajiri kwenda zamu, na jioni watoto wote watatu ndani.

Tulinunua springi mbili za mbele, si moja, maana mpya na kuukuu hazikai pamoja kwa amani. Na wale mnaofungua mikono ya chini, nati za bushi zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Likazeni likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo mpira wa bushi utabaki umejisokota, utakupotoshea urefu na kupasuka mapema.

Wengine watasema ukaguzi upo. Upo wapi? Virginia hukagua usalama wa magari kila mwaka tangu mwaka 1932, na springi iliyokatika hufelisha gari, lakini inaweza kukatika wiki moja baada ya kibandiko. Hata ukaguzi huo Gavana Northam alipendekeza ufutwe Desemba 2019, pendekezo likakwama. Ng'ambo ya mto, Maryland hukagua gari la mtu binafsi linapouzwa au kuhamishiwa mwenye jipya, na Washington iliacha kukagua usalama wa magari binafsi mwaka 2009, ikabakiza ukaguzi wa moshi. Ndugu zetu wengi wa huko wanaweza kukaa miaka kumi bila mtu kuziangalia springi zao. Na kupima si uchawi: mwaka 2022 Virginia ilipopiga marufuku magari yaliyobadilishwa yakainuka mbele inchi 4 au zaidi kuliko nyuma, sheria yenyewe ilieleza kipimo kipite katikati ya gurudumu, wima, hadi chini ya madigadi. Ikiwa wanasiasa wa Richmond wameweza kuandika hivyo, fundi ataweza.

Tumeshaambiwa kuwa tunawadharau mafundi kwa kuwa tuna vyeti. Hapana. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, akiletewa gari la mizigo lililolala, huinama akahesabu majani ya springi, akaliona lililovunjika, kazi ikaisha. Kule ugonjwa uko wazi, unaushika kwa mkono. Huku springi ya mzunguko imefichwa kwenye sahani nyuma ya gurudumu, na ujuzi ule ule ukija bila tepu unageuka ubashiri. Tena ubashiri wa bei, kwani mteja hulipa kila unapokosea.

Kwa hiyo tunataka hivi, na tutarudia hadi mtuchoke. Kabla ya kipuri chochote, fundi akuandikie namba nne, za kona nne. Baada ya kazi akuandikie nyingine nne. Akianza kutaja bei kabla ya namba, chukua funguo zako, umwage kwa heshima, uondoke. Akileta kipande cha mpira, mwambie springi ni ya kubadilishwa, si ya kuchomekwa.

Gari la dada sasa linasoma 399 na 401 mbele. Fundi wetu mwema alikasirika wiki mbili, kisha akaja kuuliza jeki inawekwa wapi hasa; tulimwonyesha, na siku hizi ana tepu yake. Kwa dada ndiko tulikokwama. Tulipomrudishia funguo hakuuliza habari za springi wala gharama. Aliuliza: "Kaka zangu, mliliona limelala tangu Desemba. Mbona mlicheka tu?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka tunaandika haya hatujalipata.