Mtoto wa Mnyama Hanunuliwi

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya huruma. Ni neno tamu, na kila mtu hudhani anayo. Lakini ipo huruma inayoponya, na ipo huruma inayoua bila kujua. Mfano wake tutautwaa katika biashara ya watoto wa wanyama wa porini, wauzwao kando ya barabara na katika masoko ya nchi yetu.

Tumfikirie mtoto wa sokwe, amefungwa kamba kiunoni, macho yamezama, mkono una kidonda. Mwenye kumuuza asema: "Mama, mnunue, ama sivyo atakufa." Watoto wanalia, baba anatia mkono mfukoni. Nani atamlaumu? Hata hivyo, kabla fedha haijatoka, yatupasa kuuliza swali moja: Mama yake yuko wapi?

Sokwe jike hamwachi mtoto wake. Humnyonyesha miaka minne au mitano, humbeba mgongoni, na usiku hulala naye katika kitanda cha majani alichokitandika juu ya mti. Ili kumpata mtoto, wawindaji humwua mama. Na mara nyingi huua na wengine waliokuja kumtetea. Nyama ya wakubwa huuzwa, na mtoto, ambaye nyama yake ni haba, huuzwa akiwa hai. Tena tukumbuke kwamba katika pori letu la miombo, hapa Kolwezi, sokwe hawaishi. Akionekana mmoja katika miji ya migodi, ametolewa katika misitu ya mbali, akasafirishwa katika gunia au sanduku. Wengi hufa njiani. Basi yule mmoja aliyefika ni salio la jamaa nzima.

Sasa mwenye huruma akilipa, imekuwaje? Mtoto huyu amepata maziwa, lakini mwuzaji amejifunza kwamba kazi yake ina faida. Atatuma habari kwa mwindaji: "Niletee mwingine." Fedha iliyotolewa kwa machozi imenunua risasi ya kumwua mama wa pili.

Wako watu waliochagua njia nyingine, nao si mbali nasi. Katika mji wa Lubumbashi yapo makao yaitwayo J.A.C.K., maana yake Wanyama Wachanga Walionyang'anywa katika Katanga. Yalianzishwa mwaka 2006 na Bwana Franck Chantereau na mkewe, Bibi Roxane. Kama jina lao linavyosema, kazi yao ni kupokea watoto wa wanyama ambao serikali imewanyang'anya wafanya magendo.

Msidhani kazi hiyo ni mchezo. Katika makao ya namna hii mtoto akifika hutengwa kwanza na wenzake, kwa maana mafua na magonjwa ya kifua ya watu huambukiza sokwe, na magonjwa yao huweza kutuambukiza sisi. Vidonda vya kamba na vya risasi husafishwa, minyoo hutibiwa, maziwa hutolewa kwa chupa mchana na usiku. Tena mlezi hana budi kumpakata, kwa sababu sokwe mchanga asiyeshikwa na mtu huweza kudhoofika hata kufa, ijapokuwa maziwa yapo. Akipata nguvu, huzoezwa polepole kukaa na yatima wenzake, ili ajifunze kupanda, kucheza, kusalimu wakubwa na kuwa sokwe tena. Kumrudisha msituni ni jambo gumu na la nadra, maana hakufundishwa na mama yake chakula wala hatari. Na sokwe huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mlezi aliyempokea akiwa kijana atazeeka, na yatima wake bado yu hai.

Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia, karibu na mji wa Chingola, yako makao ya Chimfunshi. Bwana David Siddle na mkewe Sheila walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1983 waliletewa sokwe mchanga aliyejeruhiwa usoni, aliyenyang'anywa wafanya magendo waliomtoa nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaïre. Wakamwita Pal, wakamwuguza. Habari zikaenea, wakaletewa wa pili na wa tatu, hata shamba la ng'ombe likawa makao ya sokwe zaidi ya mia. Bwana Siddle alifariki mwaka 2006, lakini kazi haikufa pamoja naye.

Turudi Lubumbashi, tuone jinsi huruma ya kweli inavyojaribiwa. Mwezi wa Septemba 2022 wezi waliingia usiku katika makao ya J.A.C.K., wakachukua sokwe watatu wachanga. Kisha wakadai fedha nyingi, wakatisha kwamba wasipolipwa watawadhuru. Bwana na Bibi Chantereau, waliowalea yatima wale kwa chupa, walikataa kulipa. Je, hawakuwapenda? Waliwapenda sana. Lakini walijua kwamba wezi wakilipwa leo watarudi kesho, na makao mengine ya Afrika yataingiliwa vile vile. Mwenye kulipa kando ya barabara na mwenye kulipa wezi wa usiku wanafungua mlango mmoja.

Sheria pia imesema. Mkataba wa Washington wa mwaka 1973, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unakataza biashara ya sokwe kati ya mataifa. Na sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama wa porini. Kwa hiyo anayenunua, hata kwa moyo mwema, anaingia katika kosa pamoja na mwuzaji.

Basi tufanyeje? Ninyi wazazi, mkimwona mnyama wa namna hii akiuzwa, msitoe fedha. Tazameni mahali na saa, kisha mpeleke habari upesi kwa wakubwa wa serikali au kwa watumishi wa I.C.C.N., wanaolinda mbuga zetu, kama ile ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939. Ninyi wanafunzi, msiwaguse tumbili waliofungwa, kwa maana meno yao huweza kuleta kichaa cha mbwa. Na mkimkuta mtoto wa pongo amelala peke yake majanini, mwacheni. Si yatima, mama yake amemficha hapo akaenda kula, naye atarudi kumnyonyesha.

Ni vigumu kupita mbele ya kiumbe anayeteseka na kuweka fedha mfukoni, hasa watoto wetu wakitutazama. Lakini hapo ndipo pa kuwafundisha. Tuwaambie wazi: "Hatumnunui, kwa sababu tunamwonea huruma mama ambaye bado yu hai msituni, na mtoto aliye mgongoni mwake." Kisha twende nao pamoja kutoa habari, ili waone kwamba baba na mama hawakupita tu.