Nani Kafanya Nini? Watoto Wetu na Sentensi ya Kiingereza



Jioni moja, hapa katika nyumba za reli Nakuru, tulimwuliza mtoto wa Gredi ya 4 maana ya kiima katika sentensi ya Kiingereza. Akajibu upesi, neno kwa neno kama ilivyo daftarini mwake. Tukamwandikia: "The train hit the cow." Ni nani aliyegonga? Akanyamaza, akatazama dari.

Kosa si la mtoto. Amefundishwa majina ya vyombo kabla ya kuonyeshwa kazi yake. Sisi nasi tulifundishwa vivyo hivyo katika shule ya misheni: tuliimba sehemu za sentensi kama katekisimu, na aliyekosea alichapwa. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini kuimba kungalipo.

Twasema hivi: mtoto wa Nakuru anazijua sehemu za sentensi kabla hajaingia shule, maana anazitumia kila siku katika Kiswahili. Akisema "Gari lilimgonga ng'ombe," neno lile moja "lilimgonga" limebeba yote. "Li" ya kwanza ni gari, yaani mtendaji. "Li" ya pili ni wakati uliopita. "M" ni ng'ombe, mtendwa. "Gonga" ndilo tendo. Hata akigeuza akasema "Ng'ombe, gari lilimgonga," hakuna atakayedhani kwamba ng'ombe ndiye aliyegonga.

Kiingereza hakina alama hizo ndani ya tendo. Hutazama mahali neno lilipokaa: mtendaji mbele, tendo kati, mtendwa nyuma. Andika "The cow hit the train," na ng'ombe amekwisha kugonga gari! Mtoto akionyeshwa tofauti hii moja, amepata nusu ya somo.

Tena makosa mengi ya watoto yana sababu. Mtoto huandika "My father he came" kwa kuwa katika "Baba alikuja" anaisikia ile "a," naye anaitafsiri. Aambiwe tu kwamba Kiingereza kikishamtaja baba, hakimtaji mara ya pili. Mvua nayo, sisi twasema "Inanyesha," basi. Mwingereza husema "It is raining," kwa sababu hakubali kiti cha mbele kikae kitupu. Neno "it" hapo ni kama mtu aliyeandikwa katika orodha ya mshahara naye hana kazi.

Wako wasemao kwamba Kiswahili kitamchelewesha mtoto. Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ikapendekeza madarasa ya kwanza yatumie lugha ya mahali. Katiba ya 2010 imezifanya lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Sisi hatukikatai Kiingereza. Tunataka mtoto akielewe, wala asikikariri.

Jambo hili linatuhusu sisi wafanyakazi. Katika njia moja ya reli, amri isemayo gari la mizigo lingoje gari la abiria yataka msomaji ajue ni lipi lingojalo na lipi lingojwalo. Akiyachanganya, watu watakufa.

Na ziko barua. Mfanyakazi hupewa karatasi yenye maneno haya: "Your allowance has been withdrawn." Marupurupu yako yameondolewa. Na nani? Mtendaji hayumo. Marupurupu hayakujiondoa yenyewe! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba kwa lugha anayoifahamu, ikiwa hawezi kusoma au haielewi lugha ulioandikwa nayo. Ni sheria njema. Lakini baada ya mkataba barua huja nyingi, na mara nyingi mtu husimama peke yake na karatasi yake mkononi.

Basi twaomba mambo mawili. Walimu waanze na sentensi ya Kiswahili ambayo mtoto anaijua, waipasue mbele yake, ndipo waweke ya Kiingereza kando yake. Majina ya sehemu yafuate baadaye. Nasi wazazi, hata tukiwa tumechoka kwa zamu, tuchukue sentensi moja ya kitabu kila jioni na kuuliza maswali matatu: Nani? Kafanya nini? Kamfanya nani? Kazi hii haihitaji cheti.

Mtoto aliyezoea maswali hayo atapata alama zake katika mtihani. Na siku atakapopewa karatasi yenye tendo lisilo na mtendaji, hataitia sahihi kabla ya kuuliza: Nani?

Ni sisi wenzenu wa reli,
Nakuru.