Baridi Yetu, Theluji Yao

Ikifika Novemba, ramani za utabiri wa hali ya hewa hapa Uingereza zinaanza kupakwa bluu kutoka juu kushuka chini. Mtangazaji anatuambia, kwa bashasha ambayo hatujui anaitoa wapi, kwamba upepo wa kaskazini uko njiani na unatoka Aktiki moja kwa moja. Magazeti yanalichapa neno theluji kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele. Mikate na maziwa vinakwisha madukani kabla ya magharibi. Sisi wa Midlands, watu wa Leicester, Coventry, Derby na Birmingham, tunatoa makoti mazito kabatini na kuwanunulia watoto mabuti na vile vigari vya plastiki vya kutelezea. Upepo unafika kweli, na baridi yake inakata masikio. Ukiinua macho, anga ni safi na jua linawaka. Theluji haipo.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na sisi mawingu tunayaona: kwenye runinga, yakiwa yamesimama juu ya watu wengine.

Manung'uniko haya si ya mtu mmoja. Utayasikia kwa kinyozi, kituo cha basi, nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa na kwenye chai ya kanisani siku ya Jumapili. Wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakahamia Leicester wanayasema, tena wakikasirika wanayasema kwa Kiswahili. Waingereza wenyewe wanayasema, nao kwa kulalamikia hali ya hewa hawana mpinzani. Wenzetu wa Mombasa na Unguja wana lao la ziada: wamezoea kaskazi ya Desemba hadi Machi kuwa upepo wa joto, iweje huku upepo wa upande huohuo uje na adhabu tupu? Anayetuudhi kuliko wote ni kijana wa Moshi. "Kaka zangu," anasema, "nyumbani theluji ya Kibo naiangalia nikiwa nimevaa shati la mikono mifupi, na bili ya gesi siijui."

Tuelewane, hatuombi makubwa. Theluji ya maana kwa mwananchi wa kawaida ni ile inayoshika ardhini, ikafunika majani ya uani yasionekane, ikalala usiku kucha na asubuhi ikakutwa bado ipo. Iwe ya kutosha mtoto kuunda sanamu bila kuchota matope. Iwe ya kutosha bosi aamini unapompigia simu kumwambia basi halikuja. Vipande vichache vinavyopita dirishani vikielekea kwingine hatuviiti theluji. Wala ile ya majimaji inayogusa lami na kuyeyuka kabla hujaitoa simu mfukoni upige picha.

Miongoni mwetu yuko mmoja aliyesoma jiografia hadi chuo kikuu. Kila mwaka anatueleza sababu, na kila mwaka tunakasirika upya. Hewa inayoanzia kwenye barafu ya Aktiki ni baridi sana lakini ni kavu. Ikishuka kusini inapita juu ya Bahari ya Norway, ambayo haigandi kwa sababu inapokea maji ya uvuguvugu yanayosukumwa kutoka Atlantiki. Karibu na Scotland maji hayo huwa na nyuzi 7 au 8 za Selsiasi hata katikati ya majira ya baridi. Hewa inapata joto kutoka chini, inafyonza unyevu, inapanda na kujenga mawingu marefu yanayomwaga theluji na mvua ya mawe. Kwa maneno mengine, theluji ya upepo wa kaskazini inapikwa na bahari, na nchi kavu haina moto wa kuendeleza mapishi. Ardhi ya Januari imepoa, jua la upande halina nguvu, na wingu likishaingia bara linasinyaa na kupotea.

Basi wanaopakuliwa kwanza ni wa Shetland, Orkney, Caithness, Sutherland na Aberdeenshire. Milima ya Scotland inakamua kilichobaki, kiasi kwamba hewa ikishuka upande wa pili imeshakauka. Mawingu mengine yanafuata Bahari ya Kaskazini na kuzigusa Northumberland, pwani ya Yorkshire na Norfolk. Mengine yanapenya kati ya Scotland na Ireland ya Kaskazini, yanaifuata Bahari ya Ireland kwa mstari mmoja mrefu mpaka Pembrokeshire na Cornwall. Cornwall! Watu wana miti ya jamii ya mitende bustanini, nao wanaonja theluji ya Aktiki kabla ya mtu wa Coventry. Unabaki na weupe wa pwani hii na weupe wa pwani ile, na sisi wa katikati tumekaa na jua letu.

Tegemeo letu ni upepo upinde uje kutoka kaskazini-magharibi. Hapo mawingu yanapata upenyo kati ya milima ya Wales na ile ya Pennines, yanapita uwanda wa Cheshire, yanafika Stoke na pengine Birmingham. Ndiyo maana utawakuta watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu zao, wamesimama barazani wakiomba upepo upinde kidogo tu.

Wa kaskazini nao wanalalamika, na haki wanayo. Desemba 2022 huko Shetland, theluji iliganda kwenye nyaya za umeme zikashindwa kuibeba, na maelfu ya nyumba yakakaa gizani, mengine kwa siku kadhaa. Ndugu zetu wanaofanya kazi Aberdeen wakitusikia tukinung'unika wanatuambia twende tukaichukue yote. Tungekwenda, lakini barabara zinakuwa zimefungwa.

Hata baridi yenyewe haidumu. Ili upepo huu uvume, mgandamizo mkubwa wa hewa unatakiwa ukae Atlantiki kuelekea Greenland, na mgandamizo mdogo ukae upande wa Skandinavia, hewa ya Aktiki iteremke katikati yao. Mara nyingi ule mgandamizo mkubwa hauwezi kusimama. Unaporomoka kuelekea kusini, na baada ya siku mbili tatu upepo wa magharibi umerudi na mvua yake ya kawaida. Mtoto aliyelala na kigari chake ubavuni anaamshwa na manyunyu.

"Nyinyi mnasahau upesi," anatukatiza mzee mmoja kila tunapofika hapa. "2010 je?" Mzee ana hoja. Mwishoni mwa Novemba mwaka ule mgandamizo mkubwa uling'ang'ania upande wa Greenland, na hewa ya kaskazini na kaskazini-mashariki ikamiminika wiki baada ya wiki. Ikawa Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza nzima tangu angalau mwaka 1910. Huko Scotland madereva walilala ndani ya magari kwenye barabara kuu ya M8, na waziri wa uchukuzi wa huko, Stewart Stevenson, akajiuzulu. Tarehe 18 Desemba theluji iliufunga uwanja wa ndege wa Heathrow, na abiria wakalala sakafuni Krismasi ikiwa mlangoni.

Shikamoo mzee, tunamjibu, lakini theluji nzito iliyotufikia sisi wa bara haikuletwa na upepo peke yake. Ilibidi mgandamizo mdogo upite na mvua yake ndani ya ile hewa iliyokwisha kupoa. Upepo wa kaskazini ulitandika mkeka, mgeni akatokea upande mwingine. Mgeni asipotokea, na mara nyingi hatokei, tunabaki na mkeka mtupu. Na mzee naye tangu mwaka ule bado anatupa mfano uleule mmoja.

Kama ni kuchagua, wengi wetu tungeuchagua upepo wa mashariki. Mwishoni mwa Februari 2018 hewa ya Siberia ilivuka Ulaya nzima ikatufikia, magazeti yakaiita Mnyama kutoka Mashariki, na tahadhari nyekundu za theluji zikatolewa. Tarehe 2 Februari 2009 mabasi yote ya London yaliondolewa barabarani kwa theluji iliyotoka upande huohuo. Wakongwe wanaokumbuka majira ya 1962 hadi 1963, yaliyokuwa ya baridi kuliko yote tangu mwaka 1740, watakwambia upepo wa mashariki ndio uliotawala. Nao una vituko vyake: Februari 1991 wenye reli walieleza kwamba theluji ile kavu ya vumbivumbi iliingia kwenye mota za treni, na nchi ikawacheka miaka na miaka. Lakini walau ilikuwa theluji, na watoto wa siku hizo wana la kuwasimulia wajukuu.

Haya yote yangekuwa mzaha wa barazani kama baridi yenyewe ingekuwa ya bure. Nyumba zetu nyingi zilijengwa enzi za Malkia Victoria, kuta za tofali tupu, madirisha yanayopitisha upepo hata yakifungwa. Kipimajoto kinasoma nyuzi 3, na upepo unaufanya mwili uhisi chini ya sifuri. Mama mmoja muuguzi wa zamu za usiku anasema akirudi alfajiri anaiangalia kwanza mita ya gesi kabla ya kuwaangalia watoto, kwa kuwa watoto anajua wamejifunika.

Serikali inayo malipo ya hali ya baridi kwa wanaopokea ruzuku fulani: pauni 25 kwa kila siku 7 mfululizo ambazo wastani wa joto ni sifuri au chini yake, kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi. Sasa piga hesabu. Upepo wa kaskazini unakaa siku mbili tatu. Kwa kuwa umepita baharini, wastani wake huku kwetu mara nyingi unabaki juu kidogo ya sifuri. Na hesabu inaangalia joto la kipimajoto tu, upepo wenyewe hauhesabiwi. Bibi anayetetemeka sebuleni na blanketi mabegani, kwa mujibu wa fomu, hajapata baridi. Scotland wameachana na hesabu hiyo tangu msimu wa 2022 hadi 2023. Kule wanaostahili wanalipwa mara moja kwa mwaka bila kusubiri kipimajoto. Yaani theluji wamepata wao, na malipo ya uhakika wamepata wao.

Gharama nyingine inamwagwa barabarani. Anga likiwa wazi usiku, ardhi inapoteza joto haraka na unyevu wa lami unaganda, kwa hiyo malori ya halmashauri yanapita kumwaga chumvi ya mawe, ile inayochimbwa Winsford huko Cheshire. Kazi hiyo ni ya lazima na hatuipingi, maana inaokoa roho za watu. Tunachosema ni kwamba asubuhi barabara inakuwa nyeupe, mtoto anapiga kelele za furaha dirishani, na baba mtu inabidi amweleze kwamba ile ni chumvi. Chumvi hiyohiyo itakula vyuma vya chini ya gari, na fundi atatuletea bili yake mwezi wa nne.

Krismasi nayo ina maudhi yake. Kwa utaratibu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, Krismasi inahesabiwa kuwa nyeupe ikiwa kipande kimoja cha theluji kimeonekana kikianguka popote nchini ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba. Kipande kimoja! Kikianguka Shetland, nchi nzima imepata Krismasi nyeupe, na sisi tuliokula bata mzinga tukitazama majani ya kijani tumo kwenye rekodi. Na mambo hayaelekei kuwa bora. Siku za theluji Uingereza zimepungua ukilinganisha na miaka ya 1961 hadi 1990, na barafu ya bahari ya Aktiki, unakoanzia upepo wetu, imepungua sana tangu setilaiti zilipoanza kuipima mwaka 1979.

Kwa hiyo mtu akituuliza kama upepo wa kaskazini unaleta theluji ya maana, jibu letu ni kwamba inategemea unakaa wapi. Ukikaa pwani inayoutazama, au juu mlimani, jiandae na beleshi. Ukikaa bara, nyuma ya milima, jiandae na bili.

Madai yetu ni machache. Watabiri watutajie maeneo kwa majina. Tukiambiwa mapema kwamba Midlands ni baridi kavu, tutanunua mkaa wa kutosha na kuacha mikate ya jirani. Wanaopanga malipo ya baridi wauhesabu na upepo, maana bibi zetu wanauhesabu. Wahariri wakitaka kuandika neno theluji ukurasa wa mbele, waandike na jina la wilaya itakakoanguka. Na wazazi wenzetu, msiyarudishe mabuti darini Februari ikiisha. Takwimu za miaka mingi za nchi hii zinaonyesha Machi ina siku nyingi kidogo za theluji kuliko Desemba, na Pasaka ina nafasi kubwa ya kuwa nyeupe kuliko Krismasi. Huenda ikaja wakati maua yameshachanua na kila mtu ameshachoka kulalamika.