Kuabudu, kuheshimu, kuombea: tuchunge maneno yetu juu ya Mama Maria

Mama mkubwa wangu alifariki Katoyi, na kilio chake kilifanyika pale pale nyumbani, chini ya shitingi iliyofungwa kati ya nyumba mbili za mbao. Jioni ya pili, mama wa shirika lake walifika na rozari mkononi. Walikuwa wamesali naye mwezi wa kumi wa kila mwaka tangu mimi niko mtoto. Mwanawe mkubwa, ambaye siku hizi anasali kwingine, aliwasimamisha penye mlango: "Hapa hatuombake sanamu." Wale mama hawakubishana. Walikwenda kukaa juu ya mawe ya volkeno pembeni mwa njia, wakapitisha punje za rozari vidoleni bila kutoa sauti.

Mimi ni Mprotestanti. Nilikuwa nimeketi pale, nikanyamaza. Makala hii ni maneno ambayo nilipaswa kuyasema jioni ile, na ninayaandika katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu ni kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha.

Tuanze na shitaka lenyewe: "Wakatoliki wanamwabudu Maria." Kitenzi kuabudu kilitujia kutoka Kiarabu, na katika asili yake kinabeba maana ya utumwa na utumishi: anayeabudu anajitoa kama mtumwa mbele ya bwana wake. Teolojia ya Kikatoliki kwa karne nyingi imetumia majina mbalimbali kwa mambo haya. Latria ni ibada anayostahili Mungu peke yake. Dulia ni heshima ya watakatifu. Hyperdulia ni heshima ya pekee ya Maria, kubwa kuliko ya watakatifu wengine, lakini bado upande wa heshima. Mtu anaweza kuukataa mgawanyo huo. Hawezi kusema kwamba haupo.

Sasa tuchukue kitenzi omba, ambacho ni cha Kibantu kabisa. Katoyi tunaomba maji, tunaomba ruhusa, tunaomba Mungu. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata ombea, na hapo sarufi inadai watu watatu: mwenye kuomba, mwenye kuombwa na mwenye kuombewa. Mkatoliki anapomwambia Maria utuombee, anamweka Maria katika nafasi ya kwanza, yaani kati ya wale wanaoomba. Nafasi ya kuombwa inabaki ya Mungu. Hakuna anayemwambia Mungu "utuombee". Kwa hiyo neno lile lile linalowaudhi Waprotestanti ndilo linaloonyesha kwamba Maria si Mungu.

Je, ugomvi umekwisha? Hapana, na sitaki kudanganya. Mprotestanti bado ana swali lisilo la sarufi: aliyetutangulia mbinguni anasikia maombi yetu? Na kama Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mpatanishi kati ya Mungu na watu ni mmoja, kwa nini tutafute mlango mwingine? Mimi mwenyewe nasimama upande huo. Simwombi Maria aniombee. Lakini hiyo ni tofauti juu ya ushirika wa walio hai na waliokufa katika Kristo. Kuiita ibada ya sanamu ni kumshitaki jirani kwa kosa ambalo hakutenda.

Mfano wa pili unatufaa zaidi sisi wanafunzi wa tafsiri. Katika Luka 1:28 malaika anamwita Maria kwa neno moja la Kigiriki, kecharitomene. Wakatoliki, wakifuata Kilatini gratia plena, wanasema umejaa neema. Biblia ya Kiswahili ya Union, inayosomwa sana na Waprotestanti, inasema uliyepewa neema. Kila upande unaamini kwamba mwingine amepotosha. Tuangalie vitenzi. Neno la Kigiriki liko katika kauli ya kutendwa: neema ilitoka kwa mwingine. Na liko katika hali timilifu: tendo limekwisha, matokeo yake yanaendelea. Kujaa kwa Kiswahili hakutaji mwenye kujaza. Debe linajaa, hatuambiwi na nani. Lakini kiambishi -me- kinahifadhi vizuri ile hali inayodumu. Pewa kinamhifadhi Mpaji, lakini -li- inaliacha tendo nyuma katika wakati uliopita. Kwa maneno mengine, Wakatoliki wameshika nusu ya neno na Waprotestanti wameshika nusu nyingine. Ukiziunganisha utapata kitu kama umejazwa neema, na sidhani kama yuko Mkristo wa Goma wa kulikataa.

Mfano wa tatu hauhitaji Kigiriki. Katika mtaa wetu, mwanamke akizaa, jina lake linabadilika. Jirani anaweza kuishi miaka kumi karibu na Mama Baraka bila kujua kama anaitwa Josephine. Hiyo ni heshima, na heshima hiyo inapitia kwa mtoto. Basi soma Injili ya Yohane kuanzia mwanzo hadi mwisho: hutakuta hata mara moja jina Maria kwa mzazi wa Yesu. Kana, na tena chini ya msalaba, anaitwa mama yake Yesu. Yohane anamtaja kama tunavyotajana Katoyi. Ndiyo maana pia ya jina Mama wa Mungu, ambalo Mtaguso wa Efeso ulilitetea mwaka 431 dhidi ya Nestorio. Swali la Efeso lilihusu kwanza Mtoto: huyu aliyezaliwa ni nani? Jina la mama lilitumika kulinda jibu.

Lakini desturi hiyo hiyo inawaonya Wakatoliki. Mama Baraka tunamheshimu kwa ajili ya Baraka, bila kumpa kazi ya Baraka. Nimesikia watu wakisimulia kwamba Yesu ni mkali na Mama ni mpole, kwa hiyo afadhali kumpitia Mama. Hayo si mafundisho ya Kanisa lao. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulisisitiza kwamba nafasi ya Maria haipunguzi chochote katika upatanishi wa pekee wa Kristo, ukawaonya wahubiri wasitie chumvi wala wasibane. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, Vatikano ilisema tena kwamba jina la "Mkombozi Mwenza" halifai kutumiwa kwa Maria. Mkatoliki anayekasirika akiulizwa na Mprotestanti, akumbuke kwamba Roma yenyewe imeliona tatizo la maneno.

Na sisi Waprotestanti? Sisi tumeingia katika kosa la kinyume: tumenyamaza. Maria tunamkumbuka Noeli, kisha tunamfungia sandukuni pamoja na mapambo. Luther hakufanya hivyo. Mwaka 1521 aliandika maelezo marefu juu ya wimbo wa Maria, akimsifu kama mfano wa mnyonge aliyetazamwa na Mungu. Katika mji ambao mama wengi wamezika watoto na kukimbia na mizigo kichwani, kuhubiri bila yule mama aliyekimbilia Misri na mtoto, na baadaye akasimama chini ya msalaba, ni kujinyima chakula kilichomo katika Biblia yetu wenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Waprotestanti tuache kutumia kitenzi kuabudu kwa jirani ambaye mwenyewe anasema anaheshimu, tumuulize kwanza. Wakatoliki nao waache kutuita watu wanaomdharau Mama. Kutomwomba mtu si kumtukana. Wanafunzi wa kitivo hiki wanaweza kuanza, maana ndio watakaofundisha, watakaotafsiri na watakaosimama kusema kwenye vilio vya kwao.

Mama mkubwa alizikwa kesho yake. Kama ningepewa tena jioni ile, ningesema neno fupi kwa ndugu yangu: marehemu ndiye mwenye kilio, na hawa ni watu wake, waache wasali kwa sauti. Mimi ningekaa pembeni yao bila kushika rozari, na hakuna ambaye angepotewa na imani yake.